Kwa Baba Mtandao Unakatika

Jumapili, 3 Machi

Baba,

Shikamoo. Salamu ndefu nitaziweka mwishoni nikikumbuka, maana hapa nilipo siwezi kutulia. Jana picha yako imekatika mara tatu. Mara ya mwisho ulikuwa umeinua kidole, ukasema, "Kuna jambo moja nataka ku—," ukaganda hapo hapo, kidole juu, mdomo wazi. Nimekutazama hivyo mpaka simu ikachoka yenyewe. Jambo gani, Baba?

Najua utasema nipige simu ya kawaida. Tumeshajaribu. Masikio yako uliyaacha kwenye lile katapila la kuchonga barabara, na usipouona mdomo wangu unaitikia tu. Juzi nilikuuliza kama umekula, ukanijibu "Jumanne". Kwa hiyo ama picha ishike, ama tuandikiane. Hii naituma kwa basi; wifi ataichukua ofisi ya vifurushi.

Kinachonikera ni kwamba hii ndiyo kazi yangu. Kutwa nimevaa spika masikioni, watu nisiowajua wananilalamikia mitandao yao, nami nawaelekeza, inarudi, wananishukuru. Baba yangu mwenyewe ndiye ananishinda.

Basi fanya hivi. Ruta, kile kiboksi cheusi chenye antena mbili, kiko wapi? Kama kiko sakafuni au nyuma ya TV, kiondoe, ukiweke juu. Kizime, kunywa maji glasi moja taratibu, kisha ukiwashe. Uniambie taa zake zina rangi gani. Na uniambie unakaa wapi unapoongea nami.

Mwanao,
Kiherehere


Jumamosi, 9 Machi

Mwanangu Kiherehere,

Marahaba. Jina hilo sikukosea kukupa.

Kwanza kuna kesi. Mwisho wa mwezi kaka yako alipokuja kutoka saiti alinionyesha ujumbe wako: "Mwambie Baba azime wifi, asubiri kidogo, awashe tena." Nikamtazama mke wake, msusi wa watu, amesimama na kitana mkononi. Nikajiuliza, sasa huyu wifi yako anazimwa wapi? Kaka yako alicheka mpaka akakaa chini. Siku nyingine andika waifai, usinigombanishe na mkwe wangu.

Ruta iko saluni, chumba cha mbele, juu ya kabati la mafuta ya nywele. Nilikwenda nikaizima kama ulivyoagiza. Wanawake waliokuwa wanakaushwa nywele, kila mmoja na simu yake, walipiga kelele ambayo hata mimi niliisikia. Nikanywa maji yangu, nikawasha. Taa zote kijani. Pale pale saluni nikijaribu, picha inang'aa. Lakini saluni si mahali pa mwanamume kuongea na mwanawe. Kila mteja anaingiza kichwa kukusalimia, na wengine vichwa vyenyewe havijamalizwa.

Unauliza nakaa wapi. Nakaa pale ninapolala. Si unaliona pazia la maua nyuma yangu? Na lile jambo si kitu. Mzee akiinua kidole si lazima awe na neno. Pengine ni nzi.

Baba yako,
Katapila


Alhamisi, 14 Machi

Baba,

Shikamoo. Ya nzi nimeyasikia, sijayaamini.

Nimefikiria tatizo lako mpaka leo nimemwitikia mteja "Shikamoo, Baba". Kumbe ni binti wa chuo. Msimamizi ameniita kuniuliza kama niko sawa.

Sikiliza. Ruta yenu inatoa mawimbi ya aina mbili. Moja lina mbio, lakini likikutana na ukuta linaishiwa nguvu. La pili ni polepole, ila linafika mbali. Simu yako huenda inalidandia lile la mbio, likiishiwa nguvu inaliacha, inatafuta lingine, na hapo ndipo unapoganda. Kwenye simu utaona majina mawili ya mtandao yanayofanana, moja lina tarakimu 5 mwishoni. Ligonge hilo, uchague "sahau". Libaki lile la polepole.

Halafu nichunguzie. Mteja akiniambia "unakatika tu", sina la kumsaidia. Akiniambia unakatika siku gani, na siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini, hapo nusu ya kazi imekwisha. Angalia siku unashika na siku unakataa. Angalia kimebadilika nini.

Umekonda, Baba, au ni picha? Wifi anasema unakula. Nikimuuliza zaidi anasema ana mteja.

Kiherehere


Ijumaa, 22 Machi

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Nimegundua kitu ambacho nadhani hata huko kazini kwenu hamkijui.

Lile jina la 5 nimelisahau kama ulivyosema, na pamenyooka kidogo. Lakini mchawi ni maji! Siku maji ya bomba yakikatika mtaani, mtandao haukatiki. Maji yakirudi, mtandao unaondoka. Usicheke. Jumapili na Jumatatu hapakuwa na tone, tangi likabaki tupu, na si uliniona vizuri hadi ukanikosoa ndevu? Jumanne maji yakaja, tangi likajaa. Jumatano nikaganda. Nimekuwa nalipiga kofi tangi kila nikipita; sisikii mlio, lakini kwa kiganja najua lina kitu au halina, kama nilivyokuwa najua tangi la dizeli. Likiwa zito, najua leo hatuongei.

Sasa wewe mtaalamu niambie: maji na mtandao wamegombania nini?

Usimsumbue kaka yako na haya. Ana zege lake linamtosha. Mimi mzima.

Katapila


Jumatatu, 25 Machi

Wifi,

Sikusalimii, maana salamu itakuwa ya uongo.

Baba ameniandikia kwa furaha kwamba tangi likijaa, mtandao unakatika. Ni kweli. Maji yanayameza mawimbi. Tangi lililojaa ni zaidi ya ukuta. Nilifurahi naye kidogo, halafu nikasimama katikati ya chumba changu. Kati ya saluni yako na chumba cha Baba kuna ukumbi na kuta mbili. Hakuna tangi. Tangi liko uani, na nyuma ya tangi kuna kitu kimoja tu: ile stoo ya bati ya mifuko ya saruji na makopo ya rangi.

Nikakumbuka Jumatatu ile tulipoongea sana. Mvua ilinyesha. Baba hakuisikia. Mimi niliisikia, kama mtu anamwaga misumari juu ya bati. Chumba cha Baba kina dari. Wakati ule nilidhani ni mtandao unakwaruza.

Baba yangu analala stoo. Na mmemtundikia lile pazia la maua ili mimi huku nisione mabati. Hilo wazo lilikuwa la nani? Chumba chake umekifanyia nini, cha kuoshea vichwa? Nyumba hiyo aliijenga kwa mshahara wa kula vumbi, na wewe umeingia ndani yake na begi moja.

Naomba ruhusa kazini. Nikija namchukua. Na uwifi wetu utakuwa umeishia hapo.

Dada wa mume wako


Jumamosi, 30 Machi

Wifi,

Barua yako nimeisoma saluni, mbele za watu, kwa sababu nilidhani ni ya maagizo ya ruta. Nimeikunja nikaendelea kusuka. Mteja aliniuliza kwa nini navuta nywele hivyo.

Nitakujibu, halafu utaamua kama bado mimi ni wifi yako au la.

Sikumtoa mtu chumbani. Mwezi wa kwanza nilikwenda sokoni, niliporudi nikakuta Baba amebeba godoro mwenyewe, na pazia, na redio asiyoisikia, amehamia stoo. Mifuko ya saruji ameipanga ukutani. Nikamuuliza kwa ishara, kuna nini? Akasema ndani kuna joto. Joto, halafu akakimbilia chini ya bati! Nikarudisha godoro ndani. Kesho yake likawa stoo tena, na mlango amefunga kwa komeo la ndani. Chumba chake nakifagia kila siku, kitanda nimekitandika godoro jingine. Njoo ukione.

Nimelia sana, wifi. Nilidhani nimemkosea. Niliwaza labda ni kelele za saluni, labda ni chumvi kwenye mboga, labda ni mimi tu. Mume wangu sijamwambia, kwa sababu angemfokea baba yake na mimi ningekuwa chanzo. Jana ndiyo nimeihamisha ruta nikaiweka dirisha la jikoni linalotazama uani, ili isipitie kwenye tangi. Wateja wananinunia.

Kuna jambo moja nimeliona. Mimi huamka mapema, lakini nikitoka nakuta shuka lake limeshafuliwa na kuanikwa nyuma ya tangi, mahali ambapo hata jua halifiki. Kila siku. Mzee gani anafua shuka kila siku? Na jioni hataki tena kunywa chai wala maji.

Mimi ni mkwe wake. Kuna maswali ambayo mdomo wangu hauwezi kumpelekea. Wewe ni mwanawe. Badala ya kuniuliza mimi kwa matusi, muulize yeye kwa adabu.

Msusi


Jumatano, 3 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Wifi yangu nimempigia, nimemwomba radhi. Alinisikiliza, akasema, "Haya," akakata. Safari hii si mtandao.

Najua uko stoo. Sikulaumu na simtafuti mchawi. Nakuuliza swali moja, na nimeifunga bahasha hii kwa gundi na utepe ili uisome peke yako. Ni mkojo, Baba?

Kama siyo, nichape nikija. Kama ndiyo, sikiliza. Jirani yangu wa meza kazini baba yake alikuwa hivyo hivyo. Alikuwa anakwenda msalani kila mara, anasimama, unatoka kidogo kidogo, halafu usiku unakuja bila hodi. Aliacha kwenda misibani. Aliacha kwenda kwa wanawe. Kumbe ni tezi dume imevimba, kitu cha wanaume wengi wakifika umri wako, na kina dawa. Si laana wala si utoto. Siku hizi anapanda basi kutoka mbali kuja kuona wajukuu.

Ukijinyima maji ndiyo unazidi kuharibu. Nenda hospitali. Mwambie kaka akupeleke, au nitakuja mimi. Nijibu haraka. Siwezi kukaa, siwezi kula, kila taa nyekundu nikiiona nadhani ni wewe.

Mwanao


Jumatatu, 8 Aprili

Binti yangu,

Stoo kuna hewa nzuri.

Mambo uliyoandika hayaandikwi na mtoto kwa mzazi wake, hata kwa gundi na utepe. Sina ugonjwa. Nimechonga barabara milimani, nimelala chini ya katapila mvua ikininyeshea, sijawahi kumvulia mtu suruali nikiwa na akili zangu. Sitaanza leo kwa daktari aliye rika la mjukuu wangu.

Tukiongea Ijumaa, tuongee mambo mengine.

Baba yako


Jumatatu, 15 Aprili

Wifi yangu,

Kwenye simu tunalia tu wote wawili, hatuelewani. Kwa hiyo naandika, nikiwa kwenye benchi la hapa wodini, ili ujue yote tangu mwanzo hadi mwisho.

Ijumaa mchana uliponipigia kwa simu ya pili ukipiga kelele, "Baba amejikunja, picha haijakatika, namwona, kimbia!" nilikuwa na mteja nimemsuka nusu kichwa. Nilimwacha kwenye kiti. Nikagonga mlango wa stoo, halafu nikakumbuka nani yuko ndani. Kumgongea kiziwi ni kujichosha. Nikachukua sururu ya kaka yako, nikang'oa bawaba.

Alikuwa sakafuni, ameshika tumbo, jasho linamtoka kama mvua. Simu iko juu ya ndoo, sura yako inapiga kelele humo, yeye hajui. Tumbo la chini lilikuwa gumu kama ngoma. Jambo la kwanza alilofanya aliponiona ni kuvuta shuka ajifunike. Akasema, "Toka, mkwe." Wifi, sijui maneno niliyatoa wapi. Nikapiga magoti ili aone mdomo wangu, nikamwambia, "Baba, leo mimi si mkwe. Leo mimi utingo. Dereva akizidiwa, utingo ndiye anasukuma gari." Akanitazama. Akaachia shuka.

Mteja wangu ndiye aliyemshika miguu mpaka kwenye teksi, upande mmoja wa nywele umesukwa, mwingine umesimama wima. Hospitali nzima ilikuwa inamwangalia yeye, wala haikumwangalia Baba. Namshukuru mpaka kesho.

Walimwekea mpira wa kutolea mkojo. Sitasema kiasi kilichotoka, ila nesi alibadilisha chombo. Baba alifumba macho, akashusha pumzi, akalala hapo hapo. Daktari amesema ni tezi dume, uliotea sawa. Ilikuwa inaziba, mkojo unajaa, unaomzidi ndio ulikuwa unamtoka usingizini bila habari. Angekaa zaidi, figo zingekwenda. Alhamisi anapasuliwa.

Kaka yako amefika na buti zina zege bichi. Amenigombeza mimi, amekugombeza wewe usiyekuwepo, amemgombeza Baba aliyelala. Halafu ametoka nje amekaa nyuma ya maabara, peke yake. Nimempelekea maji. Alinishika mkono.

Njoo. Donge langu na wewe bado lipo, yale ya begi moja sijayameza. Lakini njoo. Tutagombana ukishafika.

Wifi yako,
Msusi


Jumapili, 26 Mei

Mwanangu Kiherehere,

Natumaini ulifika salama na msimamizi wako hakukufukuza kwa siku ulizokaa nami. Haya ningekuambia kwa picha, maana tangu uipigilie ruta ukutani pale ukumbini naona hata meno yako. Lakini unajua nikiongea nyumba nzima inasikia, na saluni imejaa. Kwa hiyo kalamu.

Nimerudi chumbani kwangu. Kaka yako alibeba godoro langu mwenyewe, hakutaka nimsaidie, na stoo amewarudishia panya na saruji. Kidonda kimefunga. Nalala mpaka asubuhi kama mtu aliyelipwa kulala.

Ulipokuwa hapa hukuniuliza, nami nilikuona unavyojizuia mpaka miguu inacheza chini ya meza. Nitakuambia. Siku ile ya kidole nilitaka kukuambia. Nilikuwa nimejifunza sentensi nzima. Mtandao ulipokatika, mwanangu, nilishukuru. Nikasema, hata huko juu wanaona haya kwa niaba yangu. Wewe ulikuwa unahangaika kuutengeneza, na mimi kila ukitengemaa moyo unaniruka, kwa sababu sasa itabidi niseme. Nilimwogopa mkwe wangu kuliko nilivyoogopa kufa. Mtoto wa watu, anaingia kufagia, anakuta godoro la baba mkwe limelowa? Nikaona bora nimpishe. Kumbe yeye anadhani amenitia chumvi nyingi. Tumeshalizungumza, yeye na mimi, kwa uso. Alinisikiliza, kisha akaniambia nina masikio mabovu na akili ni vivyo hivyo. Nikacheka mpaka mshono ukauma.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Jumatano nilikwenda kliniki na mkwe wangu kuonyesha kidonda. Kwenye benchi nikamkuta nani? Yule mwenzangu aliyekuwa anaendesha roli la kushindilia lami, tulikuwa kambi moja miaka na miaka. Tulimwita Chuma, kwa sababu hakuwahi kuugua. Amekaa pembeni, kofia imeshuka mpaka puani, magazeti mapajani. Nikafurahi, nikamuuliza. Mimi nilidhani nanong'ona.

"CHUMA! NA WEWE MKOJO?"

Mkwe wangu alifunika uso kwa mkoba. Benchi zima likageuka. Nesi akatoa kichwa mlangoni. Chuma akaniangalia kana kwamba nimemvua nguo barabarani, nami nikataka ardhi ipasuke. Halafu mzee mmoja wa suti, mtu wa heshima zake, akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe kicheko! Kikamshika na wa pembeni yake, kikawashika wote, mpaka Chuma mwenyewe kofia ikamwanguka.

Yule wa suti akahamia kando yangu. Akasogeza mdomo nimwone vizuri, akaniuliza, "Kupasuliwa kunauma?" Nikamjibu kwa sauti hii hii niliyo nayo, kila kitu, mpira, mshono, na siku ya kwanza mkojo ulipotoka wenyewe bila kuusukuma. Nesi hakuninyamazisha. Nadhani alikuwa na yeye anasikiliza, au ana baba.

Wakati wa kutoka Chuma alinifuata hadi getini. Alikuwa ameshapewa siku ya upasuaji, Jumanne hii, na alikuwa ameshaamua hatakuja. Mke wake hajui. Wanawe wanadhani ni kisukari. Akaniuliza kama sina kazi siku hiyo. Mimi, mstaafu! Nikamwambia nampitia kwake asubuhi na mapema, tuje pamoja, nitakaa kwenye benchi hadi watakapomtoa.

Akashukuru. Kisha akaniomba kitu kimoja tu, kwamba njiani nisimwongeleshe kwa sauti.

Nimemwambia hilo siwezi kumwahidi.

Baba yako,
Katapila